Bendera ya Mjomba Fataki

Siku ile ya fainali naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa siku hizi natafuta miwani huku nimeivaa. Tulikuwa tunakaa hapa hapa Bellevue, chumba kimoja cha nyumba iliyogawanywa, mimi na Mjomba Fataki, fundi cherehani, kaka wa mama yangu, aliyenilea tangu tutoke Bukavu. Shuleni, mwalimu wetu Mwairishi alitufundisha mchezo huu wa kwao: fimbo bapa mwishoni, mpira mdogo, mgumu balaa. Ukipita chini ya mwamba, goli, pointi tatu. Ukipita juu, katikati ya milingoti, pointi moja.

Na utaratibu wa bendera unaujua. Kila timu inatoa mtu wake wa kusimama kwenye mlingoti. Mpira ukipita juu anainua bendera nyeupe. Ukitoka nje anatanua mikono. Refa yuko mbali, anamtegemea yeye. Sisi tulimtoa mjomba, maana ndiye aliyetushonea bendera zenyewe, kwa mabaki ya gauni la bibi harusi.

Msimu mzima hatukufungwa. Kombe nilishaliona mezani kwetu. Dakika ya mwisho tuko nyuma kwa pointi moja, na kwa vile hatujafungwa sare ingetupa kombe; nikaupata mpira, nikaupiga juu sana, ukapita upande wa mjomba. Wenzangu wakaruka, nami nikaruka. Hata wapinzani waliinamisha vichwa.

Mjomba akatanua mikono.

Eish! Iliniuma, sikufichi. Tukarudi nyumbani kwa miguu. Tulipofika kwenye roboti, zile taa za barabarani, tukingoja kuvuka, nikalipuka.

"Mjomba, wewe ni wa kwetu au wa kwao? Hakuna mtu angejua!"

Akanitazama juu hadi chini, kama ananipima suruali. "Ningejua mimi. Na wewe ungejua kwamba mjomba wako anakuinulia bendera hata ukikosa. Siku nikikwambia umefanya vizuri, utaniamini vipi?"

Taa ikawaka kijani, akavuka. Jioni akasonga fufu, tukala.

Sikumwelewa. Msimu uliofuata nikapiga mpira mwingine, ukapita juu kabisa, huwezi kusema umeingia au umetoka. Mjomba akainua bendera. Vijana wa upande wa pili wakaanza kelele, kocha wao akawakata: "Nyamazeni! Mzee huyu alimnyima mwanawe fainali. Akisema umeingia, umeingia."

Mjomba hakunitazama hata. Mimi ndiye niliyelia, katikati ya uwanja, ndevu zimeshaanza kuota. Mwaka huo pia kombe hatukulipata, lakini pointi ile ninayo mpaka leo.

Sasa kesho umeombwa ushike bendera, na mdogo wako yumo uwanjani. Najua mama yako ameshakunong'oneza, usinibishie. Wewe tazama mpira, usimtazame mdogo wako. Ukiingia, inua. Ukitoka, tanua mikono. Atakununia wiki nzima. Njaa ikimshika atakaa mezani. Lakini siku utakayomwinulia, hata yeye atajua ni yake kweli.

Haya, ichukue. Ni ile ile ya mjomba; imechakaa pembeni, nimeifua. Mungu akupe macho mazima, mwanangu, na mkono usiotetemeka mbele ya watu wako mwenyewe.