Mzee wa Kaoze Aliyefutwa Daftarini

Mimi si mama wa maneno laini, na marehemu mume wangu alilijua hilo kabla hajanioa. Alikuwa mwanajeshi, alipigana Uganda, akarudi, akalima mahindi na ulezi mpaka mwisho wake. Alipofariki, wastaafu wenzake wa Sumbawanga walimzika kwa heshima, nami nikabaki kwenye chama chao cha kusaidiana. Nikabaki jikoni, yaani. Wao wanakutana ukumbini Milanzi, sisi wake na wajane tunapika uani. Mtu akiugua, sisi ndio tunaokwenda kumwogesha, kumfulia na kumkorogea uji. Wao wanakwenda kumpa pole.

Kila mkutano wazee wanapanga mstari kana kwamba bado wako kambini. Mwenyekiti anasoma jina, mwenye jina anaitika mwenyewe. Kuitikiwa na mwingine hakuna. Ukikosa kuitika mikutano mitatu mfululizo, unafutwa. Sheria ile ilikuwa na sababu yake: zamani kuna waliokwisha kuzikwa, ndugu zao wakaendelea kuwaitikia ili wapate mgao wa mahindi. Aibu hiyo iliwauma wazee, wakakaza.

Sasa mwaka juzi mfadhili mmoja akatuletea kiti cha magurudumu. Kimoja tu. Sote jikoni tulijua ni cha nani. Kule Kaoze kuna mzee aliyepooza, hata kauli imempotea. Mke wake, mama mwembamba tu, alikuwa akimbeba mgongoni kumtoa nje apate hewa, maana kule bondeni joto halina huruma, kisha anambeba tena kumrudisha ndani. Nilishuka mara kadhaa kumsaidia, na kila mara nilirudi mjini kiuno kinaniuma. Yeye hakuwa na pa kurudi.

Siku ya kugawa kiti, jina la mzee wa Kaoze likasomwa. Kimya. Ulikuwa mkutano wa tatu. Mwenyekiti akatoa kalamu, akamfuta, kisha akatangaza kwamba kiti kitakwenda kwa anayefuata kwa cheo, mzee mmoja ambaye miguu yake ilimfikisha kilabuni kila jioni bila tabu yoyote.

Jamani, damu ilinichemka. Nikatoka jikoni na mwiko mkononi, unga umenikaukia mpaka viwikoni. Wenzangu walinivuta kitenge, nikajinasua. Nikamwamkia mwenyekiti shikamoo, maana heshima ni heshima, ndipo nikamwuliza mbele ya mstari mzima:

"Mzee, ulipopigwa risasi ya paja kule Uganda, nani alikuita usimame mstarini? Si walikufuata kitandani, wakakuhesabu pale pale?"

Habari hiyo nilikuwa nimepewa na mume wangu, aliyekuwa naye siku ile. Mstarini mtu akacheka, akajifanya anakohoa. Mwishowe mwenyekiti akafunga daftari, akasema haya, Jumamosi tutashuka Kaoze.

Nadhani alitegemea nitasahau. Jumamosi kulipopambazuka nilikuwa mlangoni kwake na akina mama wawili, kiti tumeshakifunga kwenye pikapu tuliyoazimwa na mfanyabiashara mmoja kutoka Mbeya. Mke wa mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyemtoa mumewe ndani.

Tulipofika Kaoze, mwenyekiti alivaa kofia yake ya zamani ya jeshi, akasimama wima kando ya kitanda, akasoma jina. Mgonjwa akamkazia macho. Midomo ikacheza, sauti haikutoka. Akasoma mara ya pili, mara ya tatu. Kalamu ikabaki hewani, nikaona mwenyekiti anasita. Nilitaka kupasuka. Nikajikaza kisabuni, kwa sababu pale hapakuwa kwangu.

Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama ukutani. Akasema, wala hakupandisha sauti:

"Mzee, huyu namgeuza usiku na mchana asipate vidonda. Namlisha, namnyoa ndevu. Kama hayupo, niambie basi nimekuwa nikimbeba nani."

Mwenyekiti akaandika: yupo. Nililiona neno hilo kwa macho yangu, kwa sababu nilikwenda kuchungulia begani kwake. Siku hizo sikumwamini mtu.

Tukaingiza kiti, tukamwonyesha mama breki na namna ya kukikunja. Akaomba akijaribu yeye kwanza, ajue kama hakitamwumiza mume wake mgongo. Akaketi, akaegemea, akafumba macho. Tukasubiri ainuke. Hakuinuka. Machozi yakaanza kumtoka, akatuomba radhi, akasema miguu imekataa.

Hakuna aliyemwambia ainuke. Mwenyekiti akavua kofia, akachuchumaa kando ya kitanda, akaniambia nimsaidie kumpandisha mwenzake mgongoni. Akainuka polepole, paja lile bovu linatetemeka, akaelekea mlangoni kumtoa nje apate hewa. Nikamfuata nyuma nimenyoosha mikono, asije akaanguka naye.