Mtu Anayeishi Peke Yake

Hoteli niliyokuwa nikifua mashuka yake karibu na stesheni ya Gare du Midi ilipofungwa, nilionekana nimefanya kazi siku za kutosha kupata chômage, posho ya wasio na kazi. Nilipewa kiwango cha mtu anayeishi peke yake. Ukikaa na mwenye mshahara posho hupungua, na miaka ikipita inaweza kukatwa kabisa. Nilielewa. Nilipanga foleni kila siku kugongewa muhuri kwenye kadi, kisha nikarudi kulala. Wala sikuwa na huzuni. Sikuwa na kitu.

Mama mkubwa, dada yake mama, alikuwa anatunza wazee mtaa wa Laeken, upande wa pili wa jiji. Alinisikia kwenye simu, akafunga chumba chake, akaja na sufuria zake. Mtu ni watu. Alipika sombe, majani ya muhogo, nikala, maana kukataa kungehitaji nguvu.

Asubuhi moja akabisha mkaguzi wa ofisi ya posho, kijana mpole aliyefuta viatu vizuri mlangoni. Aliniuliza kama ninaishi peke yangu. Kwa mama mkubwa hilo lilikuwa tusi: kwamba nimetupwa, sina ukoo. Kabla sijafungua mdomo alimjibu kwa Kifaransa alichofundishwa na masista kwamba hajawahi kuniacha peke yangu, kwamba anaishi hapa, analala hapa, na anafanya kazi. Akamwonyesha mswaki wake. Akasaini fomu ya mkaguzi kwa fahari na kumwekea chai.

Ningeweza kumkatiza. Lakini mama mkubwa hakatizwi mbele ya mgeni, na mimi nilikuwa mzito kama shuka lililolowa.

“Donc alifikiri hauna bantu?” alisema mlango ulipofungwa. “Bon. Sasa anajua.”

Nilitaka kukasirika. Hasira haikuja.

Posho iliposhuka, yeye alikuwa amesharudi Laeken, kazi yake ikimsubiri. Ofisini wakaniambia jambo ni rahisi: mama huyo aje asaini kwamba mimi ninaishi peke yangu. Bila hivyo ningehesabiwa ninakaa naye, na mwisho wa posho yangu ungekaribia.

Nikampigia simu nimwombe. Akanitangulia.

“Ule muzungu hajarudia kukusumbua?”

“Hapana, maman.”

“Alors, unaona? Alisikia.”

Nikamshukuru. Nilipoweka simu nililia, mara ya kwanza tangu hoteli ifungwe.