Arki ya Siagi

Siagi yenyewe haikuwamo hata tone. Kilichokuwamo ni arki tu, kichupa cha maji ya njano ambacho mama alikinunua mjini, na kila kikifunguliwa pale kwetu Chanji jirani alisikia harufu akauliza nani ana sherehe. Mama alikitumia kwenye bisi zake za kuuza. Tone moja aliliweka pia kwenye mafuta yake ya kujipaka Jumapili, na kanisani watoto walimsogelea wenyewe. Nilikuwa namtania kwamba ipo siku atatafunwa.

Baridi ya Ufipa mnaijua ninyi? Upepo wa kipupwe unayumbisha moto, mafuta hayashiki joto. Kwa hiyo mama alifunga mlango, akaziba dirisha kwa gunia, akamimina arki kwenye mafuta ya moto na kuinamia sufuria. Kijiko cha kupimia hakuwa nacho. Alipima kwa koo: mvuke ukimkereketa, imekolea.

Kikohozi kikavu kilianza mwaka jana. Tukasema vumbi, tukasema baridi, tukasema kila kitu ila sufuria. Halafu wateja wakaanza kulalamika kwamba arki imezidi, bisi zinakinaisha. Mama akaja juu: "Imezidi wapi? Mbona mimi sisikii harufu yoyote?" Akawa anaongeza. Siku moja nikamwona amesimama kupumzika kati ya jiko na mlango, hatua chache tu jamani, na hofu ikanishika.

Nikampeleka hospitali. Daktari alimuuliza anafanya kazi gani, na anaifanyia wapi. Kisha daktari akasema kuila arki kidogo kwenye bisi si shida. Shida ni mvuke aliouvuta kila siku ndani ya chumba kilichofungwa. Mirija midogo ya hewa mapafuni imepata makovu, na makovu hayo hayafutiki. Asiisogelee tena.

Nilifika nyumbani na hasira zangu zote. Nikang'oa gunia dirishani, nikakichukua kichupa, nikakimwaga chote uani, nyuma tu ya kigoda alichokalia mama. Harufu ikapanda, macho yakaniwasha. Jirani akapaza sauti kutoka upande wa pili wa ua: "Loo, leo mnapika nini?"

Mama alikuwa anatazama barabarani, anahema. Akangoja pumzi imrudie.

"Mwanangu," akasema, "si ukimwage hicho kichupa? Unangoja nini?"