Miguu Waliisifu, Kichwa Hawakukiona

Kwa miaka mingi nilikana, tena kwa uso mkavu, kwamba nilikuwa nabadilisha maneno ya watangazaji wa Kiingereza. Nilikana mbele ya Mkuu wa Idhaa, nikakana mbele ya Mkuu wa Vipindi, na mara moja nilikana kwa maandishi. Leo nimestaafu, hakuna wa kunifukuza, kwa hiyo nasema: ndiyo, nilibadilisha. Na nikirudishiwa kipaza sauti nabadilisha zaidi.

Vijana wanaoniuliza kazi ile ilifanywaje nawaeleza hivi. Kituo chetu hapa Johannesburg kilipokea picha za mpira wa Kimarekani kutoka hukohuko, pamoja na sauti za watangazaji wao. Sisi wa Idhaa ya Kiswahili tulivaa vipokea sauti masikioni, tukasikiliza Kiingereza na kusema Kiswahili papo hapo, nusu pumzi nyuma yao. Kazi hiyo tuliiita kutangaza kwa sikio. Macho yalikuwa ya ziada.

Siku ya kwanza niliingia studio na shahada yangu ya isimu na viatu vilivyonibana. Mchezo wenyewe sikuujua hata kidogo. Mchezaji alipofika mwisho wa uwanja na mpira mkononi, nikapaza sauti, "Gooooli!" Mkuu wa Idhaa, Mkenya mcheshi niliyemzidi umri, akafungua mlango.

"Profesa," akasema, na jina hilo likaniganda, "hapa hakuna goli. Hiyo inaitwa tachidauni."

"Tofauti yake nini?"

"Pointi sita. Na kazi yako."

Aliyenifundisha mchezo ni mwenzangu wa studio, Papa Déo, Mkongomani wa Lubumbashi. Alinionyesha mtu wa kumtazama: kwotabeki, yule anayepokea mpira kila shambulio linapoanza, na ndani ya sekunde chache aamue aurushe kwa nani, amkabidhi nani, au akimbie nao mwenyewe. Wengine wote uwanjani wana kazi moja moja. Yeye huzifanya zote kichwani kabla wao hawajazifanya kwa miili.

Basi akatokea kijana mmoja mweusi, kwotabeki wa timu iliyokuwa imezoea kupigwa kila wiki. Jina lake siliandiki. Wasikilizaji wetu walimwita Fundi, nami nitamwita hivyo. Alikuwa na mbio, sikatai. Lakini mbio zilikuwa chumvi tu. Chakula chenyewe kilikuwa pasi.

Masikioni mwangu, hata hivyo, Fundi hakuwa na kichwa. Kwotabeki mzungu wa timu pinzani akirusha vizuri, watangazaji walisema anausoma uwanja, ana subira, ni mwanafunzi wa mchezo. Fundi akirusha vilevile, amezaliwa na kipaji. Mzungu akikosea, bado anajifunza. Fundi akikosea, hafikiri. Nami, msomi wa lugha, niliyatafsiri hayo yote kwa ufasaha, msimu mzima, nikijipongeza kwa msamiati.

Jumapili moja jioni nikashindwa kuendelea kuyatafsiri. Fundi alisimama nyuma ya safu yake, akaona mabeki wawili wa upande wa kushoto wakinyemelea mbele. Akapiga kelele, akaubadili mpango wa shambulio palepale, akampeleka mkimbiaji wake kushoto awazuie, kisha akautupa mpira kulia, mahali pasipokuwa na mtu. Mdakaji wake alifika pale pamoja na mpira. Tachidauni. Masikioni nikamsikia mtangazaji akicheka: mnyama huyu, silika tupu!

Nikafungua mdomo. "Amewaona kabla hawajasogea," nikasema. "Amefikiri, ndugu wasikilizaji. Hicho ni kichwa."

Papa Déo akageuka kunitazama. Tangazo la biashara lilipoingia, akavua vipokea sauti.

"Ata mie, mama, balinisifuka mwili," akasema taratibu. "Nilikuwa mwalimu wa hesabu kule Lubumbashi. Kufika hapa mtaani Hillbrow, patron, bosi wa kazi, ananiangalia mabega: bon, wewe utakuwa mlinzi. Diplome, karatasi ya masomo, hakuna mwenye aliuliza."

Tangu siku hiyo tukawa wawili wa kubadilisha maneno.

Mkuu wa Idhaa hakuchelewa kuniita. "Profesa, mbona Kiingereza kinasema maneno matano, wewe unasema kumi na tano?"

"Kiswahili kina viambishi vingi, bosi."

"Na 'kichwa' kimetoka kwa kiambishi gani?"

Alijua. Aliniacha kwa sababu simu za wasikilizaji zilikuwa zimeanza kuingia: walinzi, washonaji, wasusi, wakibishana jinsi pasi fulani ilivyopangwa. Msusi mmoja wa Hillbrow alituambia hewani, "Kijana anaona mbali huyo! Kocha amwache, asimfundishe kuona karibu!"

Amerika hawakumsikia. Kocha mpya alikuja akamtaka Fundi aache ukwotabeki awe mdakaji, eti kwa kuwa ana mbio. Fundi akakataa. Wakamwita mkaidi, wakamweka benchi, wakamwanzisha kijana aliyewarushia wapinzani mipira kama anayelisha kuku. Huyo wakasema apewe muda. Timu ya pili ikamchukua Fundi akawa wa akiba. Ya tatu vilevile. Wapo wanaoniambia, dada, hasira za nini, ni mchezo tu. Mchezo! Mtu akikunyang'anya akili yako mbele ya dunia nzima huku akikupigia makofi, huo si mchezo.

Mimi nilistaafu mapema, idhaa ilipopunguzwa, kwa umri ambao wenzangu bado wanagombea vyeo. Mkuu wa Vipindi, bwana wa ofisi za Midrand, alinikabidhi saa ya ukutani na kunishukuru kwa sauti yangu nzuri. Sauti. Nilitabasamu, nikapiga naye picha, na nikaonja kijiko kimoja cha kile alichokula Fundi kwa miaka.

Mwezi uliopita nilikuwa Newtown nikichagua kitenge, simu ikaita. Mkuu wa Idhaa.

"Profesa! Fundi ameacha kucheza. Nataka sauti yako, dakika mbili za kumuaga. Sharp, sawa?"

"Picha zipi?"

"Mbio zake. Ile aliruka mtu, ile alitoka mwisho mpaka mwisho, zote ziko."

"Na pasi?"

"Pasi hakuna. Amerika wametuma mbio tu."

"Hata moja?"

"Hata moja. Eish, Profesa, si mimi."

Nilikuwa nimebishana na watu miaka yote hiyo kama watangazaji wa Amerika wanamheshimu Fundi au hawamheshimu. Sasa hapakuwa na la kubishania. Nikamrudishia mwenye duka kitenge chake.

"Nitakuja," nikasema. "Wewe weka mbio. Mimi nitasimulia pasi, moja baada ya nyingine, juu ya hizo mbio."

"Mkuu wa Vipindi atasikia. Ataniuliza ni nani amebadilisha maneno."

"Mwambie ni mimi."