Firigisi ya Baba Mkwe

Watu wakituuliza mimi na mke wangu tulikutana wapi, Sidi hucheka kwanza halafu ananitazama nijibu mwenyewe, nami naanza kujikuna kichwa kisichowasha, maana jibu fupi ni "shuleni", na hakuna anayekubali jibu fupi. Lile refu lanitia haya mpaka leo, mtu mzima na watoto wangu. Haya, nalisema lote, mcheke mmalize.

Ilikuwa siku ya wazazi, mimi kidato cha tatu, shule ya bweni huku kwetu pwani, wavulana na wasichana pamoja. Wazazi wangu walikuwa Jilore wakivuna mahindi, hawakuweza kuja, ila mama alipiga simu kwa mwalimu wa zamu, mwalimu akaniambia, "Kahindi, shangazi yako atakuja. Atavaa leso ya zambarau yenye michoro ya korosho." Shangazi mwenyewe aliolewa Lamu nikiwa mdogo, sura yake siijui kabisa. Lakini leso ya zambarau, jameni, nani atapotea?

Nikatoka uwanjani. Chini ya mwarobaini, juu ya mkeka, ameketi mama mmoja mnene, leso ya zambarau, korosho zile pale, na mbele yake sufuria la wali wa nazi na bakuli la kuku wa kupaka. (Nyinyi mliosoma bweni mnajua. Sisi tulikuwa na maharagwe tangu muhula uanze, na harufu ile ilinivuta kwa pua.) Hapo ndipo ningeuliza tu, "Samahani, wewe ndiwe shangazi?" Swali dogo hilo! Sikuuliza. Nilisema, "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu! Karibu, karibu. Habari za nyumbani?"

"Njema."

"Baba hajambo?"

"Hajambo."

"Na mama?"

"Hajambo, anawasalimu sana."

Mnaona? Salamu zetu hizi unaweza kusalimiana na mtu mpaka jua lizame na usimjue ni nani. Baadaye ndipo nilipokuja kuelewa kilichopita kichwani mwake: nimemwita shangazi, basi mimi ni mtoto wa mmoja wa kaka zake, na kaka zake ni wengi, watoto wao hawahesabiki, akaona haya kuniuliza ni wa yupi. Mimi nami naona haya kumuuliza shangazi yangu mwenyewe jina. Tukaendelea hivyo hivyo. Akanieleza kuwa hawe (ndiye bibi, kwetu Wagiriama) goti bado lamsumbua, nami nikasema pole, nikashangaa kidogo kwa sababu hawe wangu juzi tu alikuwa anazunguka shamba zima akimtuma kila mtu, goti zima. Nikajiambia labda limeanza wiki hii.

Akanipakulia. Paja. Halafu akachovya kijiko chini ya bakuli, akatoa firigisi, akaniwekea juu ya wali. Firigisi, jamani! Kwetu nyumbani hiyo ni ya baba, wewe unaiona ikipita tu. Nikasema moyoni, huyu shangazi ananipenda, na nikaitupa mdomoni kabla hajabadili nia.

Ndio kwanza nameza, akaja mzee mmoja mrefu kutoka kwa mwalimu wa darasa. "Huyu ni nani?"

"Mtoto wa kaka yangu," yule mama akajibu.

"Kaka yupi?"

Mama akanigeukia polepole. "Baba yako ndiye nani vile, mwanangu?"

"Katana. Wa Jilore."

"Mimi sina kaka Jilore," akasema, na sauti yake ikawa ndogo.

Wakati huo huo akatokea msichana mwembamba, jasho la kwaya usoni, anakuja mbio kwa wazazi wake, akanikuta nimeketi mahali pake na mfupa mkononi. Ndiye Sidi. Nilikuwa nikimwona kwa mbali tu, yuko darasa jingine, hata salamu hatujawahi kupeana.

"Sidi," baba yake akasema, "huyu unamjua?"

"Simjui, baba."

"Humjui, na anakula kuku wa mama yako?"

Hapo ningenyamaza. Lakini mimi, kwa kutaka kusaidia, nikafungua bakuli langu la maneno: "La, mzee, mimi si mgeni, hata goti la hawe najua lamsumbua."

Ebo! Mzee aliniangalia, akamwangalia binti yake. "Mpaka goti la mama mkwe wangu amelisikia! Nani kamwambia kama si wewe? Nilikwambia nini siku nakuleta hapa? Nikisikia mambo ya wavulana, masomo basi. Kachukue sanduku lako, twende nyumbani Dabaso."

Sidi akaanza kulia. Si kilio cha kelele; machozi tu, na anasema, "Baba, wallahi simjui, baba, nimebakisha mwaka mmoja." Mama mtu anasema ni yeye aliyenitajia goti, mzee anasema asimfunike binti yake, watu wa mikeka ya jirani wameacha kula wanatutazama, na mimi nimesimama na mchuzi kwenye vidole, sijui niombe msamaha kwa nani, sijui shangazi yangu yuko wapi, sijui hata huyu aliyenilisha ni nani. Niliogopa kama sijawahi kuogopa. Msichana wa watu anatolewa shule kwa ajili ya tumbo langu!

Ndipo nikasikia, "Kahindi wee! Nimezunguka uwanja mzima nakutafuta!" Mwanamke mwembamba, kikapu kichwani, na leso ya zambarau. Korosho zile zile.

Wale wanawake wawili wakatazamana toka juu hadi chini.

"Hiyo si sare ya harusi ya Mambrui?" mama yake Sidi akauliza.

"Ndiyo hiyo! Kumbe nawe ulikuwapo?"

"Nilikuwa jikoni!"

"Aka! Basi ndiyo maana hatukuonana."

Wakashikana mikono wakacheka, na shangazi akaeleza kwamba leso ile ndiyo niliyopewa kuwa alama. Mzee akasikiliza mpaka mwisho. "Huyu ni wako?"

"Ni wangu. Kwani amefanya nini?"

"Amekula." Akamgeukia binti yake, akasema taratibu, "Keti, Sidi. Hakuna sanduku." Akavua viatu, akaketi mkekani, akavuta bakuli, akachovya kijiko. Akachovya tena. "Firigisi iko wapi?"

Sitasema nilivyoondoka pale.

Jumatatu Sidi alinikuta bombani. "Ulikaribia kuninyima shule kwa kipande cha kuku," akasema. Nikamwambia pole. Tangu hapo nikimwona nageuza njia, asije mtu akampelekea baba yake maneno, mpaka akamaliza. Miaka ilipita, nikamkuta Kilifi, amekuwa muuguzi, na neno lake la kwanza likawa, "Umekula leo, au bado unatafuta shangazi?" Hapo hapo nilijua sina pa kukimbilia.

Siku hizi kokote niendako natamka jina langu, la baba yangu na kijiji chetu kabla sijakaa, hata matangani, na watu hunishangaa. Wakwe zangu tu ndio hawashangai. Siku ya kwanza nilipokwenda Dabaso kama mkwe, mama mkwe alileta kuku wa kupaka, akamwekea mgeni firigisi, kama inavyotakiwa. Mzee akanyoosha mkono bila haraka, akaitoa kwenye sahani yangu, akaiweka kwenye yake.

"Wewe yako," akasema, "ulishaila."