Gari Lisisukumwe

Kwa akina marehemu mume wangu wanasema mimi ndiye mwanamke aliyemvua shemeji yake koti barabarani, bibi-arusi wa watu akitazama. Nilimvua, ndiyo. Lakini hawasemi koti lilikuwa la nani.

Zuberi, mume wangu, alikuwa fundi wa magari hapa mtaa wa Tshopo. Fahari yake ilikuwa gari dogo la Kiingereza, jekundu, la viti viwili, lisilo na paa, lililoachwa zamani na Mgiriki mmoja. Lilibeba maharusi wa Kisangani nzima, na ndilo lililotulisha. Ugonjwa wa sukari ulipoanza kumla macho, barabara aliiona bado, ila vidude vya moteri hakuviona, mimi nikawa macho yake. Alikaa juu ya ndoo akiniuliza naona nini, mimi nasema, mikono yangu inafanya. Nafasi ya platini, vile vyuma viwili vinavyokata na kuunga moto, niliipima kwa karatasi ngumu ya pakiti ya sigara. Hata kuendesha alinifundisha. Sifa zilikuwa zake, na siku ya harusi koti jeusi la dereva lilikuwa lake.

Kila alipoegesha gari, alichomoa kidole cha delko. Ni kipande kidogo cheusi kinachozunguka ndani ya delko, kikombe kilicho ubavuni mwa moteri, na kugawa moto kwa kila buji, yaani plagi. Bila hicho gari haliwaki. Zuberi alikitia mfukoni ili mwizi asiondoke nalo. Alipofariki hospitalini nilikitafuta kwenye nguo alizokuwa nazo, chini ya kitanda, hata kwenye jivu la jikoni. Sikukiona.

Nikaingia eda. Mimi nimefungiwa chumbani, nje Amuri, kaka yake mkubwa, anagawa. Alichukua sanduku la vifaa, kibanda cha kazi, na nguo zote nzuri. Niliwasikia wakijaribishana viatu, wanacheka. Gari lilibaki uani kwa sababu haliwaki, na kuku walitaga kwenye kiti.

Nilipotoka eda, alikuja Papa Évariste, mvuvi wa Lubunga, ng’ambo ya mto. Zuberi alikuwa amemwahidi kumbeba binti yake, Ursule, siku ya harusi. Amuri aliposikia kuna harusi, akakumbuka kwamba gari ni mali ya ukoo. Tukaenda kwa shangazi yao Hadidja, ambaye akisema jambo kwenye ukoo ule limekwisha.

“Bon,” alisema Shangazi, akininyooshea kidole. “Mama Nuru ambebe bibi-arusi toka kivukoni mpaka kanisani. Gari likifika lenyewe, ni lake. Likisukumwa hata mara moja, Amuri anachukua.”

“Shangazi, huyu hata darasa la kwanza hakuingia,” Amuri akacheka. “Atasoma nini kwenye moteri?”

Kesho yake akaniletea kidole kipya cha delko, kinang’aa kama pipi. “Shemeji, usiseme familia haikukusaidia.”

Nilikiweka, na gari likawaka. Nililia nimeshika usukani. Binti yangu Nuru alisimama mlangoni akiniuliza, “Mama, sasa tutakula?” Nikamwambia tutakula.

Siku ya harusi jua lilikuwa kali. Ursule alivuka mto kwa mtumbwi, gauni jeupe amelikunja mpaka magotini, akaketi kando yangu. Baba yake na ngoma wakatangulia. Tulipoanza kupanda kutoka mtoni, moteri ilikohoa mara moja, ikanyamaza.

Nikavuta breki. Waendesha toleka, vijana wa baiskeli za abiria, wakatuzunguka.

“Mama, panda toleka! Bibi-arusi atafika kabla ndoa haijazeeka!”

“Mwite padri aje hapa!”

Nilifungua boneti, nikafyatua klipu za delko, nikainua kifuniko. Nilimwomba Ursule ahamie kwenye usukani azungushe ufunguo. Nilichomoa waya wa bobini, koili inayozaa moto, nikausogeza karibu na chuma cha moteri. Cheche ya buluu, kali. Basi moto ulikuwapo, ulikuwa unapotea mbele ya hapo. Kifuniko cha delko hakikuwa na ufa. Kaa lake la katikati, kijiti cheusi kinachokigusa kidole, lilicheza vizuri.

Nikausogeza waya ule juu ya kidole kipya. “Zungusha!” Cheche ikaruka, ikaingia ndani ya kidole. Kidole kizima hakifanyi hivyo. Hiki kilikuwa kinaumeza moto na kuupeleka kwenye mhimili, usifike kwenye buji hata moja. Kikiwa baridi kilivumilia, kikipata joto kinakufa. Nami sikuwa na kingine. Akilini nilimwona Nuru amesimama mlangoni.

Ndipo Amuri akafika kwa pikipiki, amevaa koti jeusi la Zuberi.

“Alors, Mama Nuru, iko imekufa?”

“Haijafa.”

“Bibi-arusi anachelewa. Vijana, mukuje musukume!”

Walikuja kweli, wakacheka, wakashika nyuma. Nikakimbia nikajilaza juu ya buti la gari. “Mutu asiguse! Mukisukuma, munaninyang’anya chakula cha mutoto wangu!”

Wakaachia. Amuri akatikisa kichwa, akainama juu ya moteri kama anayejua, na pindo la koti likagonga chuma. Ko.

Nguo haigongi hivyo. Nikakumbuka mfuko wa koti lile una tundu. Zuberi alikuwa ameniomba nilishone, akaugua kabla sijapata uzi. Na harusi ya mwisho aliivalia koti lile.

“Lete koti.”

“Eh?”

“Koti la Zuberi. Vua.”

“Shemeji, una wazimu? Mbele ya watu?”

Mjane hamgusi shemeji yake. Nilimshika kola kwa mikono ya grisi, nikavuta, mshono wa bega ukalia. Nikapasua bitana kwa meno. Kikadondoka kiganjani, cheusi, kichakavu, kikubwa kama gololi mbili.

Nikakitia mahali pake, nikarudisha kifuniko na waya, na Ursule akazungusha ufunguo kabla sijamwambia. Gari likanguruma. Wale wa toleka wakapiga kelele kama wao ndio wanaooa.

Shangazi Hadidja alikuwa anasubiri nje ya lango la kanisa. “Limesukumwa?”

“Hapana, mama,” Ursule akajibu. “Mimi nilikuwa ndani yake.”

Shangazi alimtazama Amuri, aliyekuja nyuma akiwa na shati tu. “Ni lake,” akasema. Kisha akanipa mgongo, na mpaka leo hajanisalimia.

Hakuna wa ukoo ule anayeingia kwangu. Idi ilipofika, Nuru aliwapelekea chakula, akarudi nacho. Koti Amuri alilishonesha, analivaa. Kibanda na vifaa bado viko kwake, na gari likiharibika naazima spana kwa watu baki.

Kidole cha delko nakifunga kwenye pindo la kitenge changu, mafundo mawili. Nikilala kinanichoma ubavuni. Sikiondoi.