Miguu Juu ya Bati la Mama

Mama yangu anaishi Tongaren, kwenye nyumba aliyoachiwa na baba, na sindano zake za sukari lazima zikae kwenye friji. Stima ya huko ikipotea, inapotea kweli. Nikasema wacha nimwekee sola.

Fundi niliyemtoa Kitale alitikisa mbao za paa, akaguna. "Madam, paneli za kioo zitaangusha hii nyumba. Weka hizi nyepesi, za kujikunja. Unabandika tu kwa bati na gundi." Akaikunja moja mbele yangu kama mkeka. Nikamuuliza kama inavumilia joto, akacheka. Basi, nikanunua.

Kwetu mama haketi ndani mtu akiwa juu ya paa lake. Ni kama kukanyagwa kichwani. Siku hiyo Mama alibeba kiti hadi kando ya mahindi, akarudi fundi aliposhuka.

Friji ikaanza kuunguruma. Nilifurahi jamani!

Wiki haikuisha, Mama akanipigia simu. "Huyo mtu wako hajashuka."

"Si alienda zake, Mama?"

"Ako juu. Saa sita mchana anatembea."

Jumamosi nikaenda, nikijiambia ni uzee tu. Jua lilipofika utosini nikasikia: ko, ko, ko, kutoka mlangoni hadi juu ya kitanda chake, halafu kimya. Nilitoka mbio kuangalia. Juu ya paa hapakuwa na mtu, paneli tu. Lakini mimi na mdomo wangu! "Ni bati linapanuka, Mama. Ni joto tu."

Alichukua kiti, akatoka.

"Ati utakaa juani kila siku kwa sababu ya bati?"

"Mimi sikai chini ya miguu ya mtu, bana."

Nikamfuata kwa hasira nimrudishe. Tulikuwa bado tunabishana niliposikia harufu ya plastiki ikiungua. Paneli ile, iliyobandikwa bila nafasi ya hewa chini yake, ilikuwa imejipika mpaka ikashika moto, na plastiki ikadondoka kupitia tundu la kutu hadi kitandani, pale Mama alipozoea kupumzika mchana. Tuliuzima kwa mchanga. Mto wa kulalia wa Mama ulikuwa umeungua wote. Nililia kama mtoto.

Sasa paneli za kioo ziko uani, juu ya nguzo, upepo ukipita chini yake. Dawa inakaa baridi. Paani hakuna kitu.

Lakini saa sita miguu bado inatembea, kutoka mlangoni hadi kitandani. Mama hubeba kiti chake. Nikiwa huko, nami hubeba changu.